Mama Mukwe wa Kapiteni

Habari ilinikuta depo, nikigombana na dereva aliyeniletea mbao mbichi na kuapa kwamba ni kavu. Mmoja wa wapasuaji wangu akaja na kofia mkononi, akasimama pembeni mpaka nikamwona. "Papa," akasema, "yule muzee wa video wa Majengo ametuacha. Asubuhi hii, kwake, kitandani." Nikamwambia dereva ashushe mbao zake hivyo hivyo zilivyo, na maji yake ndani. Akanitazama kama mtu anayehofia mtego. Mimi kukosa nguvu za kugombana ni kitu ambacho soko la mbao la Goma halijazoea kukiona, na dereva yule alishusha mzigo kwa haraka sana, kabla sijapona.

Jina lake sitalitaja. Ninyi mnaonisoma mnajua kwamba kwenye ukurasa huu sitaji mtu, awe mzima au marehemu, na sioni sababu ya kuanza leo. Aliyewahi kukaa kwenye mabenchi yake ameshamjua. Ambaye hakuwahi, nitamweleza.

Alikuwa na chumba cha video. Kuta zilikuwa za mbao, na mbao hizo alizinunua kwangu, ndivyo tulivyofahamiana. Sakafu ilikuwa mawe yetu haya meusi ya volkeno, yaliyosawazishwa kwa nyundo na kumwagiwa changarawe. Ndani giza, mabenchi bila migongo, na mbele televisheni ya kichogo iliyofungwa mnyororo kama mbuzi wa mtu asiyeamini majirani. Jenereta ilikoroma nje. Lakini watu hawakuja kwa ajili ya televisheni. Walikuja kwa ajili ya mdomo wake. Filamu zilikuja na Kifaransa, Kiingereza, Kichina, na yeye alisimama kando ya kioo na fimbo mkononi akisema kila kitu kwa Kiswahili chetu: alikuwa mume, alikuwa mke, alikuwa polisi, alikuwa mbwa wa polisi. Alikuwa na sheria moja tu. Filamu ikitembea, hakuna anayepinga. Kaseti ikiisha na yeye akiinama kuweka nyingine, hapo kila mtu ana ruhusa ya kusema anachotaka, kumtukana kapiteni, kumtukana jirani, kumtukana yeye mwenyewe. Fimbo ikigonga sanduku la televisheni, kimya kinarudi. Nimekaa kwenye mikutano ya wakubwa, na viti vya ngozi na maji ya chupa, sijaona sheria inayofanya kazi namna ile.

Kati ya filamu zake zote kulikuwa na moja ya mfululizo, ya kizamani, ambayo padri mmoja mgeni alimwachia katoni nzima alipokuwa anarudi kwao. Ilikuwa habari ya watu wa angani. Dunia yao imeungua, wamepanda meli kubwa, na kila kipande wanatafuta mahali pa kushuka, wanafika, wanakuta matatizo, wanapanda tena. Kuna kapiteni kijana, kuna mama mmoja mzee anayevaa sare na kutoa amri, na kuna mashine inayosema huku taa inawaka kichwani. Filamu yenyewe ilikuwa inasema Kifaransa. Marehemu alikuwa ameishia darasa la nne. Mimi sikufika hata huko, niliacha shule darasa la pili kwa sababu baba alihitaji mtu wa kushika upande wa pili wa msumeno, kwa hiyo simcheki. Nasema tu ilivyokuwa: nusu ya maneno aliyasikia, nusu aliyatoa kwenye picha.

Na niseme mapema, ili asiwepo wa kunibembeleza baadaye kwa sababu mtu amekufa: filamu ile ni mbaya. Nilisema hivyo akiwa hai, nasema hivyo leo. Nauza mbao tangu sina ndevu, na ukuta wa meli ile ulikuwa tripleksi, mbao nyembamba za kugandishwa, iliyopakwa rangi ya fedha. Mistari ya mti ilionekana kila kapiteni alipoegemea. Suruali zao zilikuwa za kulalia. Walipofika kwenye dunia yenye mlima wa moto, mlima ulitapika kitu kama uji wa mtoto, halafu watu wakatembea juu ya mawe laini yanayobonyea chini ya kiatu. Umwonyeshe mtu wa Goma mawe ya volkeno yanayobonyea! Chumba kizima kiliichana filamu kwa maneno siku ile. Lakini lililowaudhi watu zaidi lilikuwa jambo lingine. Kwenye kipande cha kwanza, watu wa dunia iliyoungua wanakimbilia meli mikono mitupu. Mama mmoja muuza mboga, anayeleta kabichi na vitunguu vya majani kutoka Kibumba na ambaye benchi la mbele lilikuwa kama lake, hakungoja kaseti iishe. Akavunja sheria, akapaza sauti: "Godoro ziko wapi?" Watu wakamuunga mkono. Nani amewahi kukimbia bila godoro? Bila bidoni la maji? Bila sufuria kichwani? Marehemu hakusita hata kidogo. Kwa sauti ya kapiteni akajibu: "Mama, tulia. Godoro zimetangulia." Watu wakaridhika, filamu ikaendelea.

Sasa nije kwa mama mukwe. Kaseti za padri zilikuwa zimebanduka karatasi zake, hakuna aliyejua ipi inatangulia ipi. Marehemu akazipanga kwa ndevu za kapiteni. Mwanzo hana, halafu zinaota, halafu zinakuwa nyingi; hakuna shida. Lakini kulikuwa na kaseti mbili ambazo kapiteni ana uso uleule wa mtu mzima wa kaseti za mwisho, mikunjo ileile, na ndevu hakuna. Kwetu mtu mzima akinyoa ghafla mnajua maana yake. Kafiwa. Marehemu akatafuta nani amekufa, akakumbuka kitu alichokuwa amekiona siku nyingi: yule mama wa sare hakai meza moja na kapiteni. Kapiteni akiletewa sahani tu, mama anasimama anatoka. Kila mara. Basi, mbele ya mtu wa milima yetu hilo halihitaji Kifaransa. Mtu hali mbele ya mama wa mke wake, na mama hakai kumwangalia mukwe anakula. Yule ni mama mukwe wake. Na kama kapiteni amenyoa, na mke hatujawahi kumwona, basi mke ndiye amekufa, amekufa kwenye ile dunia iliyoungua, na habari imechelewa kufika kwa sababu angani ni mbali.

Hivyo ndivyo Majengo ilivyoipata filamu ile. Ghafla kila amri ikawa na uzito. Mama akimkaripia kapiteni kwenye usukani, tulijua kwa nini kijana hajibu: atamjibuje mama aliyemzaa mke wake? Na mama akimtuma mahali pa hatari halafu akageuka asimwone akienda, tulijua kwa nini: amebakiwa na nani mwingine? Siku ya kaseti ya kunyoa, benchi la kina mama wa soko lililia. Sisemi machozi ya kufuta kwa kidole. Walilia kama walivyolia kwenye vilio vya kwao, na mama wa kabichi akaimba.

Miaka ikaenda. Televisheni bapa zikafika mjini, simu zikaingia mifukoni, na upande wa Katoyi mtu mmoja akafungua chumba chenye viti vya plastiki, mpira wa Ulaya na filamu mpya ambazo meli za angani zinang'aa kama zimetengenezwa jana. Vijana wakahamia huko. Waliobaki kwa marehemu tulikuwa watu wa magoti yanayouma. Ugomvi ukaanza: wazee wanasema hakuna filamu iliyowahi kuifikia ile ya meli, vijana wanasema ile ni takataka ya wakati wa kaseti na tunaishabikia kwa sababu hatujaona nyingine. Nilikuwa upande wa vijana, kama mnavyojua. Lakini nilisikia harufu ya kitu kingine. Wenzangu wa rika langu walipoitetea filamu ile, walikuwa wanatetea siku ambazo walipanda kutoka ziwani na mzigo bila kupumzika. Na vijana walipoikataa, walikuwa wanakataa kuambiwa na wazee nini ni kizuri. Filamu yenyewe ilikuwa haina mtu wa kuiangalia.

Marehemu akaamua jambo la mtu mwenye kiburi, na mimi kiburi nakiheshimu. Akatuma neno Katoyi kwamba Jumapili saa nane mchana ataonyesha kipande cha meli, mlango wazi, aje kila anayeona ni takataka aseme mbele yake. Asubuhi ile alipita kwangu. Akakaa juu ya rundo la mbao, akasema kwa upole, na yeye hakuwa mtu wa upole: "Wakifurahi na sauti yangu, naendelea. Wakiona siko na kazi pale, kesho nakuuzia mbao zako, narudi kwenye njia ya Butembo kubeba maharagi." Njia ile ndiyo iliyommaliza kaka yake, kwa watu wenye silaha walioulizia mzigo. Yeye aliiacha siku ileile na kuapa hataikanyaga tena. Kwa hiyo msomaji ajue, Jumapili ile wengine walikuja kupima filamu. Mimi nilikuwa naangalia kama rafiki yangu atarudi barabarani.

Chumba kilijaa mpaka mlangoni. Kati ya vijana alikuwamo binti wa yule mama wa kabichi, mwalimu wa shule ya msingi huko Katoyi, msichana mwenye maneno yaliyonyooka. Filamu ikaanza, na meli ilipopita tu kijana mmoja akapiga kelele: "Iko sufuria! Mutazame masikio yake!" Marehemu akageuza sauti, akawa kapiteni: "Komanda, batoto ya Katoyi banasema tuko ndani ya sufuria." Halafu akawa mama: "Waambie bangojee, bado haijaiva." Watu wakacheka, hata aliyetukana. Nikaanza kupumua. Ndipo yule mwalimu akainuka.

"Papa," akasema, "tunakuheshimu. Lakini nyamaza kidogo. Sisi tumesoma Kifaransa. Tunataka kusikia wao wenyewe banasema nini."

Hakuna aliyecheka. Hakuwa amemtukana, na hilo ndilo lilikuwa baya. Sheria haikusema lolote juu ya mtu anayeelewa. Marehemu alimtazama, akatazama kioo, akaiegemeza fimbo ukutani, akaja kukaa kwenye benchi langu. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekaa ndani ya chumba chake. Alikuwa hajui aweke mikono wapi.

Filamu ikasema yenyewe. Kwetu wazee ilikuwa kama mvua juu ya bati, unasikia kelele na hakuna habari. Kwa vijana, nikaona, haikuwa bora sana. Mmoja alitoa simu. Wa pili akatoa. Waliotaka kusikia walisikia, na walichosikia kilikuwa watu wenye suruali za kulalia wakipeana ripoti. Mwalimu peke yake alikuwa anafuata kwa makini, na mama yake akamvuta nguo.

"Huyu mama anamwambia mukwe wake nini?"

"Mama, haiko mukwe wake."

"Nani alikuambia?"

"Filme yenyewe inasema. Ni mukubwa wake wa kazi tu."

"Na bibi ya kapiteni?"

"Hana bibi, mama. Kapiteni hajaoa."

Mama yule alisimama. Nimeona watu wakipokea habari za kuunguliwa nyumba kwa utulivu zaidi. "Hajaoa!" akawageukia wenzake. "Munasikia? Hajaoa! Nililia mutu ambaye hayuko! Niliimba!" Benchi zima la soko likasimama naye, na sauti zote zikaenda kwa mtu mmoja aliyekaa kando yangu. Mwongo. Umetudanganya miaka yote. Umetufanya tuomboleze hewa. Mama wa kabichi akamnyooshea kidole: "Muzee, sema. Ulitoa wapi mama mukwe?"

Nilifikiri ataomba msamaha, au atatoka. Aliinuka, akaisimamisha mashine ya kaseti, akaichukua fimbo. "Mimi sikusema wao banasema hivyo," akajibu. "Mimi nilisema ile naona. Chakula kikifika, mama huyu anaenda wapi?" Akarudisha kaseti. Meza, sahani inaletwa, mama anasimama, anatoka. Akabadilisha kaseti. Meza nyingine, sahani, mama anatoka. Akaweka ya tatu, na sahani ilipoonekana mlangoni, kabla mama hajainuka, chumba kizima tulisema pamoja: "Anatoka!" Akatoka.

Mwalimu hakukubali kirahisi. "Papa, kila mara anasema anaenda kuangalia mashine."

"Mashine gani inaharibika saa ya chakula tu?"

Hapo paa lilitaka kuruka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alingoja, halafu akasema taratibu, kama anamwambia msichana yule peke yake: "Mwalimu, mutu anaweza kusema anaenda kuangalia mashine. Hata mimi nimesema hivyo mara mingi." Tulicheka tena, tukidhani ni utani.

Msichana akakaa, akafikiri, na simpi sifa za bure nikisema kwamba wachache wanaweza kufikiri huku wanachekwa. Akasema: "Rudisha tena ile ya kwanza." Vijana wakaweka simu mifukoni. Mmoja akaona kwamba mama hatoki kwa hasira, anatoka akiinamisha kichwa. Mwingine akasema hapana, ni mlango mfupi. Mwingine akataka kuona ndevu. Mtu wa simu wa mwanzo kabisa, yule wa sufuria, akasema kama ni mukwe basi kwa nini mama anamshika kapiteni bega kwenye kaseti ya mlima? Aibu gani hiyo? Na mama wa kabichi, aliyekuwa anataka kumrarua marehemu sasa hivi, akamjibu kwa ukali: "Alikuwa anakufa! Mutu akikufa unamushika!" Wakaendelea hivyo mpaka mafuta ya jenereta yakaisha na tukabaki gizani tukigombana bila picha.

Mlangoni mwalimu akamngoja. "Papa, Jumapili ijayo utasema?"

"Nitasema nini, na munajua Kifaransa?"

"Mimi nitasema ile banasema. Weye utasema ile iko."

Na ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo mpaka alipougua. Msichana upande mmoja wa televisheni, muzee upande wa pili na fimbo yake. Yeye anatoa Kifaransa, muzee anatoa aliyoyaona, na watu wanachagua. Kukawa na watu wa mashine na watu wa mukwe. Waligombana kwenye foleni ya maji, waligombana juu ya pikipiki, waligombana depo kwangu huku mteja amebeba mbao begani. Marehemu aliniuliza mara kwa mara niko upande gani, nami nilimjibu kwamba niko upande wa tripleksi. "Weye unaangalia ukuta," aliniambia, "na watu bako mbele ya ukuta." Nikamwambia ukuta mbaya unamharibia hata mtu mzuri. Hatukuwahi kukubaliana. Hakurudi kwenye njia ya Butembo.

Nimefikiri sana juu ya Jumapili ile, kwa sababu na mimi ni mzee ambaye vijana waliosoma wanaweza kumwambia nyamaza kidogo. Watoto wangu wote niliwapeleka shule, kwa mbao hizi, na wamenipita kwa kila kitu kinachoandikwa. Hata maneno haya, herufi zake zinasahihishwa na kijana wa gazeti. Maneno yenyewe haruhusiwi kuyagusa. Naona wenzangu wengi, kijana akisema najua, wanafanya moja kati ya mambo mawili: wanapiga kelele juu ya mvi zao, au wananuna na kwenda kulala. Marehemu alikaa kwenye benchi akasikiliza. Halafu alipoitwa mwongo alirudi na kitu cha kuonyesha. Na msichana naye, aliyekuwa na haki yote ya Kifaransa, hakuona aibu kusema rudisha tena. Ukiniuliza kazi ya wazee na vijana ni nini, nitakuambia ni ile iliyofanyika kati ya watu wale wawili, na sijui jina lake shuleni.

Kwenye kilio, juzi, tulikaa chini ya turubai kando ya nyumba yake, wanawake wanapika nyuma. Na kama mlivyotarajia, haikupita muda watu wa mashine na watu wa mukwe wakaanza. Mara hii ilikuwa kali, maana upande mmoja ulitaka filamu isizikwe naye na upande mwingine ulisema bila yeye ni tripleksi tupu, maneno waliyoyaiba kwangu. Mke wa marehemu alikuwa amekaa karibu. Huyu mama anatoka Masisi. Akainua kichwa, akasema: "Munataka kujua alitoa wapi mama mukwe? Alitoa hapa nyumbani."

Akatueleza. Vita vilipomfukuza mama yake kutoka milimani, alikuja na furushi moja, akapokelewa. Nyumba ilikuwa chumba kimoja na pazia. Mume wake hakusema neno. Lakini kila jioni ugali ulipowekwa, alisimama akasema, "Naenda kuangalia jenereta," akatoka. Mama alipomaliza kula ndipo mke alipopitisha sahani kwa mlango wa nyuma, na mume wake akala peke yake, gizani, kati ya mabenchi matupu. Hakuna siku aliyolalamika, na hakuna siku mama mukwe aliambiwa.

Mama mukwe mwenyewe alikuwa palepale, kwenye mkeka, mzee sana sasa, blanketi mabegani. Tulidhani hasikii. "Nilijua," akasema. "Jenereta haikuwa inalia. Ndiyo maana nilikuwa nakula haraka. Chakula chake kisipoe."

Mwalimu alifunika uso kwa kitenge. Mimi nilitazama kando, nikakuta kila mwanaume pale anatazama kando vilevile. Halafu yule kijana wa sufuria, ambaye siku hizi ni baba wa watoto, akasema kwa heshima yote: "Sasa basi, tumekubaliana. Ni mukwe." Na mwalimu, machozi bado yanamtoka, akamjibu: "Hapana. Hiyo inaonyesha yeye alikuwa na mukwe. Kapiteni hajaoa." Wakawaka tena. Mjane akawavumilia, mwisho akapiga mikono. "Nendeni na hii nje," akasema. "Funguo ya chumba cha video iko na mwalimu. Jumapili mlango utafunguliwa, mutagombana ndani. Hapa munasumbua wapishi."

Nitakwenda. Filamu ni mbaya, na nitasema hivyo kaseti ikiisha, siyo kabla. Lakini nimeishi katika mji huu muda mrefu kuliko wengi wenu, na nimeona ugomvi wa kila aina ukizaliwa hapa kwa jambo dogo kuliko sahani ya kapiteni, na mwisho wake nimeuona pia, watu barabarani, godoro kichwani. Kwenye mabenchi yale walikaa watu wa Masisi na watu wa Butembo, wakulima wa Kibumba na wachungaji wa ng'ombe, bega kwa bega kwa sababu benchi lilikuwa fupi. Waliitana wajinga, vipofu, walaji wa uongo. Halafu walitoka pamoja, mwenye taa akiwamulikia wasio nayo, maana mawe yetu hayamwonei mtu huruma usiku. Marehemu alitupa kitu cha kugombania ambacho hakuna aliyekufa kwa ajili yake, na akatufundisha kungoja zamu. Sijapata mwalimu mwingine wa somo hilo hapa kwetu. Mimi nililisoma kwa filamu mbaya, na nashukuru.